Mama wa Zamu

Nianze na Mama kwanza kabla sijafika kisiwani, maana usipomjua Mama habari yote hii haina chumvi. Mama ana miaka arobaini na minne. Alikuwa na arobaini na minne nikiwa sekondari, sasa nimemaliza chuo na cheti kiko ukutani, na yeye bado yuko palepale, ameing'ang'ania kama mtu aliyepata kiti dirishani. Ukitaka mkosane, mwamkie shikamoo mbele za watu. Mtoto wa shule anasamehewa. Lakini mtu mzima mwenye ndevu zake akimpa shikamoo, Mama anajibu "Poa", halafu siku hiyo hali vizuri.

Basi, dada yangu anafanya kazi mjini huko kisiwani, na tulichokuwa tunajua ni kwamba yuko mapokezi. Mapokezi ya wapi hakusema, sisi wenyewe tukaongezea hoteli. Mama alipoipeleka ile habari mtaani, Dada akapandishwa cheo kila nyumba iliyofuata, mpaka mwisho wa mtaa alikuwa amebakiza kidogo tu ainunue hoteli yenyewe. Siku Mama aliposema anataka kwenda kumwona, Dada akamwomba asubiri, eti ana wiki ngumu. Kwa Mama huo ni mwaliko. Alisema ukimpa mtu taarifa anakuonyesha alichopanga, ukimvamia unaona alichonacho. Baba hakuulizwa. Alikabidhiwa funguo na maelekezo ya friji.

Kwenye boti Mama alitapika tangu tunang'oa nanga, kistaarabu kabisa, ndani ya mfuko, huku akinipa mkoba wake nishike ili usichafuke. Tulipokaribia bandari akatoa kioo, akapaka rangi ya mdomo, akashuka kama mtu aliyealikwa kuja kuizindua.

Sasa mji wenyewe, mwenzangu. Mimi nilikuwa nimeuona kwenye simu: mlango wa bluu, ua jekundu, msichana mwenye kofia pana anageuka nyuma kucheka. Yule msichana hatoki jasho. Mimi niliposhuka tu joto likanikumbatia kama shangazi mnene aliyenikosa siku nyingi, halikuniachia mpaka naondoka. Nyumba kwa mbele nyeupe, kwa ubavuni zimebabuka, kama mtu aliyejipaka poda usoni akaisahau shingo. Na kila kitu kule ni halisi. Kahawa halisi, kofia halisi, sabuni halisi, picha za machweo halisi zimepangwa ukutani, zote machweo yaleyale. Kuna mtu anauza mchanga halisi kwenye vichupa, na mchanga wenyewe umejaa kwenye ndala zetu bure. Hata paka wa mji ule wanajua upande wao mzuri. Ukitoa simu wanageuza shingo.

Lakini hayo yote niliyaona baadaye. Cha kwanza kabisa, pale getini bandarini, lilikuwa bango kubwa kama nyumba, na juu ya bango, dada yangu.

Mama aliliona kabla yangu. Akasimama katikati ya watu na mabegi, akashika kifua. Alisema anajua, siku zote alijua mtoto huyu atafika mbali. Akanitaka nimpige picha chini yake, atume kwenye kundi la mtaa. Nikarudi nyuma ili bango lote liingie, na hapo ndipo nikaona kwamba Dada hayuko peke yake. Amemkumbatia mama mmoja mwembamba, mwenye mvi za heshima, wamegusanisha mashavu, meno nje. Na chini yake maandishi: NYUMBA HALISI. KARIBU KWA MAMA. BINTI NA MAMA YAKE WANAKUSUBIRI.

Nikashusha simu. Mama akaniuliza mbona sipigi. Nikamsomea.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Ile rangi ya mdomo ikabaki peke yake usoni, damu yote imeshuka.

Tukaanza kuitafuta hiyo Nyumba Halisi kwa miguu, Mama mbele, mimi nyuma na mabegi. Na hapo mji ukatutesa. Kila tuliyemuuliza kama ni mbali alitujibu "Karibu". Sasa hujui kama anakwambia pamekaribia au anakukaribisha dukani. Tuliingia maduka ya watu kwa kudhani ni njia. Tukatokea kwa fundi cherehani, akatupa viti. Muuza kofia mmoja, kijana wa watu, kidevu kimejaa ndevu, akamwambia Mama, "Shikamoo mama, karibu kofia." Nikafumba macho. Mama alikuwa na hasira nyingi mno, hata nafasi ya kumjibu "Poa" hakuipata. Nikajua leo kuna mtu atakoma.

Nyumba yenyewe tuliitambua kwa mlango wa bluu na ua jekundu. Ulikuwa wazi. Ndani kuna ua mdogo, mikeka, jiko la kuni linalofuka moshi kidogo wa kupendeza, na watalii wamekaa chini magoti yakiwa yamewashinda. Kwenye kiti kikubwa amekaa yule mwembamba wa kwenye bango. Dada yangu, amejifunga kanga mbili, kichwa ameinamisha, anapita na sinia la chai, na sauti aliyokuwa nayo sijawahi kuisikia nyumbani kwetu, laini kama ya mtangazaji wa taarifa za misiba.

"Mama, nikuongezee?"

"Niongezee, mwanangu," akasema yule.

Mwanamume mmoja mwenye fulana ya kampuni alikuwa anawatafsiria wageni kila neno, na yasiyosemwa pia. Baadaye tulijua kila mtu anamwita Tafsiri. Alikuwa anawaeleza kwamba binti huyu hajawahi kulala mbali na mama yake hata siku moja.

Dada akainua kichwa, akatuona. Mimi nilimwona akitafuta neno, na mtu akitafuta neno kwa haraka analipata baya.

"Karibuni," akasema. "Karibuni majirani."

Nawaambia ukweli, nilimshika Mama mkono nikiwa tayari kuburuzwa naye. Lakini Mama ana kitu kimoja, hawezi kuaibika mbele ya wageni. Akakaa mkekani. Akapokea chai kwa mtoto wake kama jirani, akashukuru kama jirani, akamwangalia yule mwembamba tangu mvi mpaka kucha za miguu, hakupepesa. Watalii wakampiga picha.

Walipoondoka ndipo nikaona uhalisi wa Nyumba Halisi. Tafsiri alizima kuni kwa kikombe cha maji. Jikoni kwenyewe ni nyuma ya pazia, kuna jiko la gesi na friji mbili. Yule mwembamba akasimama, akavua kanga, ndani ana suruali ya mazoezi, akautundika umama wake kwenye msumari, akauliza kama kuna soda baridi. Wao wenyewe wanamwita Mama wa Zamu.

Dada alitueleza amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anaongea haraka haraka. Hakudanganya, alisema, kazi yake ni kupokea watu, hayo si mapokezi? Kampuni ilimchukua awe binti, wakamtafutia mama mwenye sura ya mama. Anapewa na chumba, ghorofani hapohapo. Na kesho anakuja wakala wa meli kubwa ya watalii kula chakula cha mchana. Akiipenda nyumba, ataleta watu wa meli mwaka mzima, na Dada ataajiriwa moja kwa moja. Asipoipenda, wanafunga, Dada anakosa kazi na chumba siku hiyohiyo, anarudi nyumbani. Wakala huyo ni mgumu, keshazikataa nyumba nyingi, anasema zote ni maigizo. Kwa hiyo alituomba, kwa upole wote, kesho tukatembee ufukweni.

Mama akasema kesho atakuwa mezani. Kama kuna mtu anatafuta kitu halisi, yeye ndiye aliyezaa.

Akaitwa meneja, msichana wa rika langu mwenye simu mkono wa kulia na nyingine wa kushoto. Akasikiliza pande zote. Akasema mama wa nyumba haiwezekani kubadilika, sura iko kwenye bango. Ila amependa vile Mama alivyokaa mkekani, amekaa kifamilia. Nafasi anayoweza kuitengeneza ni moja tu, mama mdogo.

"Mdogo?" Mama akauliza. "Mdogo wa nani?"

Mama wa Zamu akashusha soda yake. Huyu mama msimwone vile kwenye bango, ana mdomo. Akauliza kwa adabu kabisa, mgeni ana miaka mingapi. Na Mama, jamani, kwa mazoea tu, kama mtu anayetaja jina lake, akasema arobaini na minne.

"Mimi hamsini kamili," akasema Mama wa Zamu. "Sasa mdogo ni nani hapo?" Halafu akamgeukia Dada, akamwangalia, akahesabu vidole. "Na huyu ana thelathini na moja. Shoga, ulizaa ukiwa darasa la saba?"

Tafsiri akatoka nje kwenda kuchekea huko. Nilimwona Mama kabisa akiwa amesimama njia panda, huku umama, huku ujana, na kote amejenga.

Akajaribu kwa mlango mwingine. Akasema mama si umri, mama ni uchungu, na huyu hawezi kuja tu na mvi zake akamchukulia mtu mtoto kwa zamu.

Mama wa Zamu hakukasirika. Alisema ni kweli, yeye zamu yake inaisha jioni. Lakini mwanao alipolala na homa mwezi wa nne, nani alikaa naye akimpa uji kwa kijiko? Ile haikuwa zamu.

Mama akamgeukia Dada. Alikuwa hana habari ya homa yoyote.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungetangaza," Dada akasema.

Tukalala chumba kimoja watu watatu usiku ule, na asubuhi Mama alijifunga kanga aliyopewa, akasema haya, mdogo ni mdogo, lakini mtu asimchokoze.

Wakala alikuja mchana, mrefu, amechoka, uso wa mtu aliyelishwa sana na kuimbiwa sana. Alikaa, hakugusa chochote. Tukapangwa: Mama wa Zamu kwenye kiti, Mama kwenye kigoda pembeni yake, mimi mkekani. Mimi sikupoteza kitu, mtoto wa mama mkubwa ni dada vilevile. Shida ilikuwa Mama. Mama ni mtu wa mwili, na kigoda kilimezwa kikapotea. Tafsiri alipomtambulisha kama mama mdogo, wakala, ambaye alijua maneno mawili matatu ya kwetu, akarudia, "Mdogo?" Akampima Mama kwa macho, akampima Mama wa Zamu na mifupa yake, akamwangalia Tafsiri kama mtu aliyeuziwa mchanga kwenye kichupa. Meneja akaweka simu zote chini. Nikajua tumeanza vibaya.

Hapo wakala akasema, na mimi nilielewa kabla ya tafsiri, maana chuo kilinipa angalau hilo: mama atueleze binti yake alizaliwaje.

Mama wa Zamu alikuwa nayo tayari. Ilikuwa dhoruba, akaanza. Makuti yanapeperuka, taa ya chemli inazimika na kuwaka, yeye peke yake na radi, na mtoto alipolia upepo ukatulia. Sauti ikamtetemeka pale inapotakiwa. Dada alikuwa amesimama nyuma ya kiti na sinia, ameinamisha kichwa kama alivyofundishwa. Wakala akapiga mwayo, alijitahidi kuuficha, ukamtanua pua. Akaangalia saa. Akaanza kukusanya kofia yake, na nikaona Dada naye ameona. Kazi imekwenda, chumba kimekwenda.

"Dhoruba gani?" sauti ikatoka kwenye kigoda.

Wote tukageuka.

"Huyu kazaliwa mchana kweupe," Mama akasema. "Hospitali. Feni inazunguka. Baba yake kaenda kununua soda, karudi kakuta mtoto keshazaliwa, kainywa mwenyewe."

Mama wa Zamu hakutoka kwenye kazi yake hata kidogo, nampa heshima yake. Akatabasamu kwa wageni, akasema mdogo wake huyu ni msahaulifu, tena wakati ule alikuwa mtoto wa darasa la saba tu, aliogopa radi mpaka akabebwa mgongoni, angekumbuka nini.

"Nimebebwa?"

"Si una arobaini na minne? Hesabu mwenyewe."

Mama akasimama. Kigoda kilisimama naye kidogo, kisha kikaanguka. Nilijua kinachokuja na sikuamini kwamba kitakuja, maana hata mimi mtoto wake sijawahi kukijua.

"Nilikuwa na miaka ishirini na mitano," akasema, "na uchungu tangu alfajiri, na hakuna aliyenibeba. Mimi nina hamsini na sita. Umesikia? Hamsini na sita. Mdogo ni wewe, na hicho kiti ni changu."

Kijiko kikanidondoka. Mama wa Zamu naye akasimama, hapo hayuko kazini tena, akasema kama ni hivyo basi yeye atoe shikamoo na Mama aipokee, na Mama akasema ailete, na yule akasema haitoi kwa mtu aliyejifichia umri kama noti kwenye soksi. Wakasogeleana mpaka rangi ya mdomo ya mmoja karibu imguse mwingine.

Wakala alikuwa ameacha kofia. Akamuuliza Tafsiri wanasema nini. Tafsiri, mtu ambaye tangu jana sikuwahi kumwona amepungukiwa neno, alitoa leso, akafuta shingo. Kisha akamwambia kwamba hawa ndugu wawili wanagombania nani mkubwa.

Na ni nani, wakala akauliza.

Tafsiri akasema hilo, mheshimiwa, hata Mungu bado hajaambiwa.

Katikati ya makelele hayo Dada akaweka sinia chini. Hakuinamisha kichwa, na ile sauti ya misiba hakuitumia. Alisema kwa sauti yake ya nyumbani, ya mtu aliyechoka nasi sote:

"Mama, kaa basi."

Wakakaa wote wawili, kwa pamoja. Mama kwenye kiti, Mama wa Zamu kwenye mkono wa kiti.

Wakala alicheka mpaka akavua miwani. Alisema amekula kwenye nyumba halisi visiwa vyote anavyovijua na kila alikokwenda watu wanakumbatiana. Kwao, kwa mama yake, hakuna mlo ulioisha bila mtu kususa. Leo ndiyo mara ya kwanza amefika kwenye nyumba ya watu. Akavuta sahani, akala, akaomba aongezwe. Kabla hajaondoka alimpa meneja mkono: anachukua mwaka mzima, ila kwa sharti moja, ule ugomvi uwepo kila siku, mchana, kabla ya matunda.

Kwa hiyo dada yangu ameajiriwa. Na mama yangu naye. Meneja alimfuata jikoni akimbembeleza, bango bado lilelile, kwa hiyo cheo ni kilekile, mama mdogo. Nilidhani atamrushia sufuria. Akamuuliza tu kama wataandika hivyo kwenye kitambulisho. Meneja akasema wataandika. Mama akatafakari. Nikauona ujana unamrudia usoni taratibu, kwa mkataba na mhuri wa kampuni. Sasa kila mchana anasimama mbele ya watu wa meli na kutangaza hamsini na sita kwa uchungu mkubwa, na hakuna anayeamini, wanajua ni sehemu ya maonyesho. Mama wa Zamu amemwonyesha namna ya kukaa kwenye kigoda. Jioni wanatundika kanga msumari mmoja, wanakunywa soda na kumsema Dada kwamba hali chakula.

Dada alinisindikiza bandarini. Tulipofika chini ya bango akalitazama, akasema alikuja kisiwani apate mahali pa kukaa pasipo na mama, na sasa anao wawili wanaompangia saa ya kulala. Alisema kwa kulalamika, lakini alikuwa amebeba mfuko wenye chupa ya uji, aliofungiwa, na sikujua umefungwa na yupi.

Mama alikuwa ameniapisha. Ya kule yabaki kule, hasa kwa Baba. Nami niliapa kweli, nikakaa kimya boti nzima, nikakaa kimya stendi, nikafika nyumbani nikaweka begi chini, na kabla begi halijatulia nilikuwa nimekwishamaliza kusimulia. Bango, dhoruba, soda, yote.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu soda hakubisha. Aliniuliza kitu kimoja tu, niitaje tena ile namba.

"Hamsini na sita," nikasema.

Baba ana hamsini na nne. Aliangalia friji na yale maelekezo yake yaliyobandikwa. Jioni simu ikaita, Mama, anataka kujua kama nimefika na kama mboga zimewekwa droo ya chini. Baba akaichukua kwa mikono miwili. Akasimama wima, akasafisha koo.

"Shikamoo," akasema.

Upande wa pili kulikuwa kimya, kimya kabisa, mpaka nikasikia bahari.